Diski ikianza kugonga, izime kwanza: uzi wa kuokoa data kwa watu wa Mtwara na Lindi

#1 fundi_wa_magomeni (mleta uzi)

Wakuu, Mtwara kuchele.

Uzi ni mrefu. Mwenye diski mgonjwa mkononi sasa hivi asome hili tu kabla ya mengine: ichomoe kwenye umeme, uiache.

Nafanya ufundi wa kompyuta hapa Mtwara mjini tangu 2012, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurudisha data kwenye diski, flashi na memori kadi zilizokufa. Kinachoniuma ni kwamba diski nyingi zinazofika mezani kwangu hazikuuawa na ugonjwa wake wa kwanza. Zimeuawa na zile siku tatu nne za kuhangaika. Imewashwa na kuzimwa mara ishirini, imepelekwa kwa jirani anayejua kompyuta, imeskaniwa usiku kucha na programu ya bure, imepigwapigwa kofi. Ikinifikia, mara nyingi nabaki na neno la pole tu.

Niwaambie ya diski iliyonifundisha. Mwaka 2016 alikuja mwalimu mstaafu wa upande wa Mikindani na diski ndogo ya laptopu, GB 320. Alikuwa ameijaza sauti za wazee alizorekodi kwa miaka sita: nyimbo za jando na unyago, habari za majahazi, bibi yake akihadithia kwa Kimakonde. Nakala nyingine hakuna popote. Diski ilipoanza kugonga, kijana wa nyumbani aliiweka kwenye friza usiku mzima kwa sababu alisoma mahali kwamba inasaidia. Asubuhi wakaiwasha mara kadhaa, ndipo wakaileta.

Mimi nami sikuwa najua ninachokijua leo. Nilifungua mfuniko pale pale mezani, feni inazunguka juu, mlango wa barabarani uko wazi. Sahani ilikuwa inang'aa kama kioo, isipokuwa duara moja jembamba la kijivu karibu na katikati. Pembeni kuna kichujio kidogo cheupe cha kusafisha hewa ya ndani. Kilikuwa kimejaa unga mweusi. Ule unga ndio uliokuwa sauti za wale wazee. Kichwa kilikuwa kimeukwangua utando wa sumaku mpaka kukiacha kioo kitupu.

Mwalimu alikaa kwenye benchi, akaniuliza mara moja: "Hata moja haitoki?" Haikutoka hata moja. Ile iliyobaki nzima, vumbi la mezani kwangu liliimaliza nilipoiwasha ikiwa wazi.

Sasa tuelewane diski ni nini. Ndani ya hadi diski (hard disk) kuna sahani za alumini au kioo zilizopakwa utando mwembamba sana wa sumaku. Za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Nyingi za kompyuta ya mezani mara 7,200. Kichwa cha kusomea hakiigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa upepo wa mzunguko wenyewe, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa nanomita elfu themanini hivi. Kwa hiyo chembe moja ya vumbi, kwa kichwa kile, ni mwamba mbele ya ngalawa inayokwenda kasi. Na kichwa kilichopinda hakielei tena, kinalima. Kila unapowasha kinalima mara 90 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe dakika kumi za "ngoja nijaribu tena" zinakula nini.

Jifunze kusikiliza. Diski ikigonga, tak, tak, tak, halafu ikazima mzunguko, vichwa havioni njia yake: vimeharibika, au sehemu ya sahani inayobeba maelekezo ya diski yenyewe haisomeki. Ikitoa mlio mwembamba kama mbu, piii, piii, na huhisi mzunguko ukiishika, basi vichwa vimenasa juu ya sahani au mota imekwama. Hiyo huja sana baada ya kuanguka. Ikiwa kimya kabisa, mara nyingi tatizo ni umeme au bodi ya saketi iliyo chini yake, na hapo kuna matumaini makubwa.

Halafu kuna ile inayodanganya. Inazunguka vizuri, inaonekana kwenye kompyuta, ila kufungua folda moja inachukua dakika kumi. Hizo ni sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya sahani visivyosomeka tena. Mtu akiona hivyo anaendesha CHKDSK, kwa sababu Windows yenyewe imempendekezea. Nawasihi, msifanye. CHKDSK kazi yake ni kuunyoosha mpangilio wa mafaili, na inaunyoosha kwa kuandika juu ya diski ile ile inayokufa. Nimeletewa diski ambayo folda zote zimegeuka kuwa FOUND.000 yenye vipande visivyo na majina. Data ilikuwepo kabla ya tiba.

Fundi makini haponyi mafaili ndani ya diski mgonjwa. Kwanza anaivuta yote, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nzima, halafu anafanyia kazi ile nakala. Mimi natumia ddrescue kwenye Linux, programu ya bure kabisa. Uzuri wake inachukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, inaandika kwenye ramani yake wapi imeshindwa, ndipo inarudi kung'ang'ana na yale magumu. Umeme ukikatika, inaendelea pale ilipoishia. Diski moja ya TB 1 niliivuta siku nne mchana na usiku, feni ndogo inaipuliza, nikitoa asilimia 97. Baada ya hapo natumia TestDisk au R-Studio, programu za kurudisha mafaili, juu ya nakala, kwa utulivu, bila haraka.

Yale ya ndani, ya kubadilisha vichwa au kurekebisha programu ya ndani ya diski, siyafanyi. Yanataka chumba safi kisicho na vumbi, diski nyingine ya aina ile ile ya kutolea vipuri, na mashine kama PC-3000 ya ACE Lab, ambayo inazungumza na diski kwa lugha yake na hata kuizimia kichwa kibovu ili vizima viendelee kusoma. Hizo napeleka Dar kwa wanaozifanya, na nyingine zinavuka mpaka.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

#2 karani_newala

Fundi nashukuru kwa uzi, umekuja wakati wake. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huku Newala. Tuna eksteno (diski ya nje) kubwa, ile inayotumia adapta yake ya umeme, imebeba orodha za wakulima, kilo zao kwa kila mnada na malipo ya misimu minne. Jana kijana wa ofisini alichomeka chaja ya laptopu kwenye eksteno kwa sababu pini inaingia. Ikatoa harufu kidogo, sasa kimya kabisa, taa haiwaki. Minada inaendelea na wakulima wananiuliza. Sijalala.

#3 fundi_wa_magomeni

Karani, lala leo. Yako ni katika zile zenye matumaini.

Adapta yake ni volti 12, chaja ya laptopu ni karibu volti 19. Umeme uliozidi umekutana na vitu viwili kwa zamu. Cha kwanza ni kile kibodi, yaani bodi ndogo ya saketi (si kibodi cha kuchapia), ndani ya boksi kinachogeuza diski kuwa ya USB. Mara nyingi kinakufa chenyewe na kuiacha diski nzima. Hapo tunaitoa diski kwenye boksi, tunaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani kwa waya wa SATA. Tahadhari moja: eksteno kadhaa, nyingi zikiwa za WD, kile kibodi ndicho kinachofunga data kwa siri hata kama hukuweka nenosiri. Ukiona diski inazunguka lakini Windows inakuomba uifomati, kataa. Leta na kibodi chake, hata kama kimeungua.

Cha pili ni diodi za ulinzi kwenye bodi ya diski, karibu na plagi ya umeme. Kuna ya volti 5 na ya volti 12. Zimewekwa pale zife kwa ajili ya wengine: umeme ukizidi zinajifunga na kuupeleka ardhini, bodi isiungue. Diodi ikishajifunga diski haiwaki tena, na ukiichomeka kwenye kompyuta ya mezani, kompyuta nzima inakataa kuwaka. Mtu anadhani kila kitu kimekufa. Mita ya kupimia umeme ikilia "tii" pande zote mbili za diodi, mgonjwa kapatikana. Inatolewa, diski inapewa umeme sahihi kabisa, data inanakiliwa mara moja, na diski inastaafu kwa sababu haina tena ulinzi.

Usiruhusu mtu anunue bodi inayofanana na kuibadilisha tu. Diski za miaka hii zina chipu ndogo ya ROM yenye vipimo vya vichwa vya diski hiyo hiyo moja. Bodi ya nduguye haivijui vichwa vyako. Inabidi chipu ihamishwe, kazi ya hewa moto na mkono uliotulia.

Na hili la wakulima: stakabadhi za ghala zipo, na chama kikuu kina hesabu zake. Waambie wazee ukweli kwamba kumbukumbu za ofisi zipo kwa fundi na malipo yao hayajapotea. Leta eksteno, boksi, adapta ya kweli na ile chaja.

#4 fundi_radio_masasi

Mleta uzi nakuheshimu, ila hapo kwenye chumba safi unawatisha watu. Mimi nimefungua diski tatu hapa Masasi, nikavinasua vichwa kwa mkono, mbili zikasoma na wateja wakapata picha zao. Si kila mtu ana hela ya kupeleka diski Dar.

#5 fundi_wa_magomeni

Kaka, sikukatalii kwamba zilisoma. Diski iliyofunguliwa inaweza kutembea dakika kadhaa, hata masaa. Swali ni la ile ya tatu, na mwenyewe alikuwa amekuambia nini kabla hujaishika.

Kwangu mimi hapo ndipo pa kusimamia. Ikiwa mteja kaambiwa wazi kwamba hii ni bahati nasibu, kwamba ukishafungua hapa hata maabara ya maana inaweza isiipokee tena, na yeye akasema hela ya Dar sina wala sitakuwa nayo, fungua, ni mali yake. Nisichokubali ni fundi kufungua kwa udadisi, akifeli anaifunga na kumwambia mtu "imekufa." Nimewahi kufungua diski iliyokuja hivyo na kukuta alama ya dole gumba katikati ya sahani. Alama nzima, mistari yake inahesabika. Yule dada alikuwa anatafuta tasnifu yake, na aliambiwa virusi ndivyo vilivyoila.

Tuendelee kupeana ujuzi, Masasi si mbali. Njoo nikuonyeshe ddrescue, wewe unifundishe kuchomelea chipu ndogo, maana najua watu wa redio mna mkono.

#6 binti_shangani

Shikamoo fundi. Mimi naogopa kitu kingine. Laptopu yangu haiwaki wiki ya tatu sasa na sijaipeleka kwa fundi kwa sababu ina picha zangu za binafsi, za kabla sijaolewa na za hospitali. Rafiki yangu picha zake zilisambaa baada ya kutengenezewa simu. Nitajuaje?

#7 fundi_wa_magomeni

Marahaba, dada. Naomba nikujibu kwa uzito wake.

Kwanza, laptopu kutokuwaka haina maana diski imekufa. Diski inatoka kwa skrubu chache. Una haki kabisa ya kukaa pale pale, kumwona fundi akiitoa, ukaondoka nayo mkononi huku laptopu ikitengenezwa bila diski. Fundi anayekasirikia hilo, ondoka. Mimi mwenyewe huwa napendekeza kabla mteja hajasema.

Pili, ikiwa diski ndiyo mbovu, hatuna haja ya kufungua picha moja moja kujua kama zimerudi. Nakagua kwa majina, ukubwa na idadi, na nafungua chache ambazo wewe umenielekeza, ukiwa umekaa pembeni. Uhakiki wa mwisho unafanya mwenyewe kwenye kompyuta yangu, mimi nikiwa nimekupa mgongo. Ukishachukua, nakala yangu naifuta mbele yako. Andikishianeni kwenye karatasi: namba ya diski, siku ya kuifuta, saini mbili.

Na sheria ipo upande wako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya humo zimewekwa kundi la kulindwa zaidi. Fundi anayesambaza picha za mteja anafanya kosa, awe na duka kubwa au meza chini ya mwembe. Nina mabinti. Hili nalisema kwa moyo wote.

#8 mpiga_video_lindi

Fundi, nisaidie, natetemeka. Eksteno ndogo ya TB 2 imeanguka toka mezani kwenye sakafu ya saruji ikiwa inafanya kazi. Ina harusi tatu ambazo sijazikabidhi. Sasa inatoa ule mlio wa mbu uliousema. Wenzangu hapa Lindi wanasema friza, mwingine kasema niigonge ubavuni kwa kitambaa. Kamera kadi nilishazifuta.

#9 fundi_wa_magomeni

Usiigonge. Usiiweke kwenye friza: hewa yetu ya pwani ina unyevu, ukiitoa mle, matone ya maji yanatua juu ya sahani ndani kwa ndani, halafu wewe unaiwasha. Na usiniletee mimi, hii si ya mezani kwangu. Mlio ule baada ya kuanguka unaniambia vichwa vimelala juu ya sahani. Vikinasuliwa kwa utaratibu kwenye chumba safi, vinaweza kutoka bila kukwangua kitu.

Nikutie moyo kwa jambo la kweli. Chombo cha anga cha Columbia kiliposambaratika angani Februari 2003, wakafa wanaanga wote saba, kwenye mabaki yaliyoanguka Marekani iliokotwa diski ya jaribio moja la sayansi. Imeungua, plastiki imeyeyuka. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack waliisafisha, wakahamishia sahani kwenye mwili mwingine, wakatoa karibu asilimia 99, na matokeo ya jaribio yakachapishwa 2008. Moto na kuanguka toka angani havikuiua, kwa sababu mahali penye data hapakuwa pamekwanguliwa. Yako imeanguka toka mezani. Kitu cha kuilinda sasa ni mkono wako usiiwashe tena.

Jinsi ya kuituma: ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umemetuamo kama unao, zungushia sponji la godoro la unene wa vidole vinne kila upande, weka kwenye boksi gumu, isichezecheze. Usiitupe kwenye buti la basi. Mpe mtu unayemjua aipakate, au safiri nayo. Na uliza barabara kwanza. Mnakumbuka Mei 2024 mvua zilipokata njia pale Somanga, mizigo ililala njiani siku kadhaa.

Kabla hujakubali bei, waulize mambo haya: Wanachunguza kwa kiasi gani? Wakishindwa unalipa nini? Diski ya vipuri ni juu ya nani? Watakuonyesha orodha ya mafaili kabla hujalipa? Anayekuahidi asilimia mia kabla hajaiona, muache. Na maharusi waambie leo. Watakasirika, lakini wataambiwa na wewe na si na mtu wa pembeni.

Kadi za kamera umezifuta tu au umeshazirekodia tena? Kufuta kwenye kadi mara nyingi kunaondoa jina na anwani, mwili wa faili unabaki mpaka uandikiwe juu. Kama hujazitumia, ziweke pembeni, niletee hizo. Hizo ndizo zangu.

#10 mpiga_video_lindi

Moja nimeirekodia, mbili bado! Nakuja kesho na basi la asubuhi.

#11 mwanachuo_mtwara

Mkuu flashi yangu mafaili yote yamegeuka shotikati za KB 1, na ukubwa unaonyesha imejaa.

#12 fundi_wa_magomeni

Hiyo ni virusi vya shotikati, mafaili yamefichwa tu. Usiifomati. Kwenye kompyuta safi fungua CMD (dirisha la kuandikia amri), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Yatatokea, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili yako, kisha fomati flashi. Na kile kistationari ulichoprintia, waambie kompyuta yao inaambukiza watu.

Ukiwa na flashi ya GB 512 uliyouziwa kwa bei ya soda, hiyo ni habari nyingine. Zipo zilizochezewa zidanganye ukubwa: ndani ni GB 8, ukizidisha inaandika hewani au juu ya ya zamani, na kile hakirudi kwa fundi yeyote. Ijaribu na programu ya H2testw kabla hujaiamini.

#13 mama_wawili

Naomba kuuliza, mwanangu amefuta folda ya picha kwenye laptopu mpya, hizi za SSD, na akamwaga na pipa la taka. Jana. Nimesoma hapa kwamba kufuta kunaondoa jina tu.

#14 fundi_wa_magomeni

Mama, kwa SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, mambo ni tofauti na sitakupa matumaini ya uongo. Windows ikifuta kitu kwenye SSD inaiambia diski "hapa hapatumiki tena", amri inaitwa TRIM, na diski inapasafisha yenyewe bila wewe kuona. Inaweza kuwa sekunde, inaweza kuwa baadaye kidogo. Izime sasa hivi, usiiwashe tena. Mara nyingine amri haikufika. Lakini kabla ya kunitafuta angalia simu zenu, akaunti ya Google, WhatsApp uliyowatumia shangazi zake. Nusu ya picha ninazotafutiwa nazipata kwa shangazi.

#15 mvuvi_msangamkuu

Boti ilitupiga wimbi tukivuka kuja mjini, begi limeingia maji ya bahari. Kuna laptopu na flashi. Tumeanika juani.

#16 fundi_wa_magomeni

Toa juani sasa. Maji ya chumvi yakikauka, chumvi inaganda juu ya saketi na ndani ya diski inanata kama gundi. Flashi ioshe kwa maji safi ya kunywa, mara mbili tatu, ikaushe kivulini, usiichomeke. Laptopu toa betri kama inatoka. Diski ya ndani, kama ni ya sahani, ina kitundu cha kupumulia, maji yanaweza kuwa yameingia: ifunge na kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, isikauke kabla ya kufika kwa wanaofungua. Najua inasikika kinyume. Mchele usitumie, unaongeza vumbi tu.

#17 karani_newala

Wakuu nimerudi. Ilikuwa diodi ya volti 12. Fundi alinionyesha kwa miwani ya kukuzia, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kina ufa. Alipoitoa na kuipa umeme, nilishika diski nikasikia inaanza kuzunguka mkononi. Sijui niseme nini. Misimu minne yote imetoka. Sasa tuna nakala ofisini, nyingine nyumbani kwa mwenyekiti, na chaja ya laptopu tumeifunga utepe mwekundu.

#18 fundi_wa_magomeni

Nyumba mbili tofauti, hapo mmefanya vizuri. Ongezeni na ya mtandaoni, ila msiitegemee peke yake. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima na waliokuwa na kila kitu huko walikaa mikono mitupu. Na kila mwisho wa mwezi fungueni faili moja kutoka kwenye nakala. Nimepokea bakapu nyingi ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua.

#19 mpiga_video_lindi

Mrejesho, wiki ya sita. Kadi mbili fundi alizitoa zote siku ile ile, harusi mbili zimekabidhiwa. Diski ilienda Dar, wakabadilisha vichwa, ile harusi ya tatu imerudi isipokuwa vipande vichache. Nimelipa zaidi ya nilicholipwa kwa kazi yenyewe, na ningelipa tena.

Kuna klipu moja haifunguki, ya dakika kumi na moja, ukubwa wake unaonekana uko sawa. Ni pale mama anamuaga binti yake mlangoni. Mama mwenyewe ameshafariki, mwezi uliopita.

#20 fundi_wa_magomeni

Pole sana, na pole kwa familia.

Klipu za kamera kama yako huandika fahirisi yake mwishoni kabisa mwa faili. Kama kipande cha mwisho kilikuwa kwenye sekta mbovu, picha zote zinaweza kuwemo ila kichezeshi hakijui pa kuanzia. Kuna programu inaitwa untrunc, inaijenga upya hiyo fahirisi kwa kuiga klipu nzima ya kamera ile ile. Sitakuahidi.

Nitumie hiyo faili ilivyo, usiijaribu na kigeuzi chochote. Na rekodi klipu nyingine fupi leo kwa kamera ile ile, mpangilio ule ule wa siku ya harusi, fremu zile zile, sauti ile ile. Nipo dukani mpaka saa mbili usiku.